Tulirudi tumeshiba, biriani liko chini ya kawa

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 36, naishi Morogoro na mume wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni kupika. Nina kantini karibu na chuo, na siku za wanafunzi nauza sahani zisizopungua 100: wali maharage, ugali samaki, Ijumaa makande. Saa kumi alfajiri niko jikoni. Nakueleza haya mapema ili usije ukadhani mimi ni mwanamke wa kudeka.

Mume wangu ni wa Unguja. Sekondari alisoma huko akikaa kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, kwenye ghorofa za Michenzani. Miaka minne shangazi alimlisha, alimfulia na kumsubiri akirudi usiku kutoka masomo ya ziada. Hajazaa, na mume wangu ni kama mtoto wake. Mimi namheshimu sana na hajawahi kunitendea baya.

Agosti iliyopita, kwenye mapumziko ya Nanenane, tulipata siku tatu tukaenda kumsalimia. Treni ya SGR mpaka Dar, kisha boti, saa mbili baharini. Kwenye pochi nilikuwa na Sh200,000 za kibubu changu, nilizoziweka kidogo kidogo tangu Februari kwa kazi moja tu: kula nje. Sikutaka khanga wala marashi. Nilitaka niketi kwenye kiti, mtu aniulize nitakula nini, aniletee, na nikimaliza sahani ioshwe na mwingine. Mume wangu alilijua hilo na aliniahidi.

Siku tuliyofika tulikuta wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Usiku mkate wa kumimina na maharage ya nazi. Nilikula nikajilamba vidole, siwezi kusema uongo. Kesho yake asubuhi mahamri na mbaazi. Baada ya chai shangazi akaniwekea beseni na kisu, na vitunguu karibu kilo mbili. Mume wangu akavaa kandambili akaenda zake kunywa kahawa na rafiki zake kwenye baraza la Jaws Corner. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilikuja siku ya pili, nusu ya kwanza. Mchana tulikula samaki wa kupaka.

Saa kumi na moja jioni nikamkumbusha mume wangu ahadi yake. Tukamuaga shangazi kwamba tunakwenda kutembea. Akasema, "Haya, msichelewe." Nikadhani anahofia usalama wetu.

Mama, ile jioni sijui nikuelezeje. Forodhani vijana walikuwa wanaruka baharini kutoka ukutani, mmoja mmoja, na jua linazama. Nyuma yetu jumba la kale la Beit el Ajaib, lile lililoporomoka upande mmoja Disemba 2020, na mume wangu ananionyesha alipokuwa akikaa na wenzake enzi za shule. Tukanywa maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Tukala pweza na mishkaki. Nikasimama kumwangalia kijana wa pizza ya Zanzibar akitandaza donge la unga mpaka linakuwa jembamba kama kitambaa, anaweka nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, anavunja yai juu yake, anakunja pembe nne na kuliteremsha kwenye chuma cha moto. Mimi kila siku natazamwa nikipika. Siku ile nilikuwa mimi upande wa mteja. Tulilipa Sh38,000 kwa kila kitu na tuliongea na mume wangu kama hatujaongea tangu mtoto wa pili azaliwe.

Tukarudi saa nne usiku. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, shangazi amekaa kwenye mkeka na amevaa nguo nzuri. Mbele yake sinia limefunikwa kawa. Akafunua. Biriani la kuku, wali wake umetiwa rangi ya zafarani, masala pembeni kwenye bakuli, kachumbari, ndizi, pilipili ya kusaga. Yeye mwenyewe alikuwa hajala. Mume wangu akasema, "Shangazi, tumeonjaonja huko nje, tumeshiba." Akalirudisha kawa taratibu. Akasema, "Hamna neno. Mji una vya kula vingi." Akaenda kulala.

Asubuhi tukakuta chai ya rangi na boflo, mkate wa dukani. Siku zote akituaga hutufungia haluwa na karafuu, safari ile alituaga akiwa amekaa. Tangu hapo tukipiga simu anasalimia, anaulizia watoto, kisha anampa simu mjukuu wa jirani. Amekuwa mpole kupita kiasi, na huo upole ndio unaonitisha.

Sasa Disemba tuna harusi hukohuko. Rafiki wa mume wangu aliyesoma naye sekondari anaoa Jumamosi. Tutafika Alhamisi alasiri na kuondoka Jumapili mchana. Mume wangu anasema tuchukue gesti Shangani, tule tunapotaka, tusimwambie shangazi kama tumekuja; Jumapili tupitie kwake kwa saa moja kama tuliofika kwa ajili ya harusi tu. Kibubu changu kina Sh250,000 sasa. Kuna mgahawa mmoja juu ya paa nimeuona kwenye simu, watu wanakaa chini kwenye mito, bahari inaonekana, tarabu inapigwa. Naota kuhusu mahali pale.

Mama, je, ni kosa kutaka kula mgahawani ukiwa na ndugu mjini? Nikubaliane na mume wangu tujifiche? Au tukae kwa shangazi, tule kwake na nisahau paa? Wazo jingine ni kula mara mbili, nje kidogo na ndani kidogo, ila nikikumbuka sura ya shangazi akirudisha kawa lile tumbo linafunga.

Mpishi Mwenye Njaa, Morogoro.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nilikwenda jikoni kukaanga kitunguu, kwa hiyo ujue umenitia hasara.

Tulitazame kwanza jambo lenyewe. Una siku tatu mjini, tena mara chache kwa mwaka. Umejinyima miezi mingi ili ukae mezani uhudumiwe, wewe ambaye maisha yako yote ni kuhudumia. Mjini humo yupo mwanamke mtu mzima, hana mtoto wa kumzaa, ambaye njia yake ya kusema "karibu nyumbani" inapita kwenye sufuria. Kila mmoja wenu aliandaa jioni yake kwa ajili ya usiku uleule, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Nyote wawili mlikuwa mmevaa nguo nzuri.

Umeniuliza kama ni kosa kutaka kula mgahawani ukiwa na ndugu mjini. Sioni kosa katika kutaka. Kuna watu watakuambia kwamba mila zetu haziruhusu, kwamba mwenye jamaa hali kwa kununua. Mimi nimelelewa Tanga, najua maneno hayo yalikotoka, na najua pia kwamba hao wanaoyasema wakienda Mombasa hutafuta viazi karai kabla hawajatua mizigo. Waunguja wenyewe wanakula nje. Siku za Idd Forodhani hapapitiki, na waliojaa pale ni familia za mjini na za shamba, akina mama na mabuibui yao na watoto wenye nguo mpya. Kwa hiyo sidhani kama shangazi anachukia migahawa. Hilo ni jambo la kwanza ambalo umelichukua kama la hakika, na mimi ningependa uliweke chini kidogo.

La pili ni kwamba amekasirika kwa sababu mlikula nje. Huenda. Lakini hebu nikupeleke jikoni, mahali ambapo wewe ni fundi kuliko mimi. Biriani la Unguja linapikwa wali mbali na masala mbali. Kuku anatiwa mtindi, thomu na tangawizi na kulazwa. Vitunguu vinakaangwa vikiwa vingi, taratibu, mpaka vinakuwa rangi ya kahawia na vinavunjika mkononi. Ukikazana na moto vinaungua na biriani linakuwa chungu. Wali unachemshwa nusu, unachujwa, unatiwa rangi, unafunikwa uive kwa mvuke. Yote hayo kwa mwanamke ambaye kila kuku na kila mtungi wa gesi anaupandisha kwa ngazi. Ni kazi ya kutwa.

Na vile vitunguu vya asubuhi, mwanangu? Umeniandikia karibu kilo mbili. Mchana mkala samaki wa kupaka. Wewe unapika sahani 100 kwa siku. Samaki wa kupaka wa watu watatu anakula vitunguu vingapi? Sikuulizi ili nikufunge. Nakuuliza kwa sababu nilipofika kwenye mstari huo nilijiambia, huyu mpishi alijua kuna kitu kinaandaliwa jioni, ila alitamani sana asijue. Na kama ni hivyo, sikulaumu hata kidogo. Ungemwambia mume wako saa kumi na moja kwamba umeona vitunguu, ahadi yake ingekufa palepale na kibubu kingerudi Morogoro kizima. Watu wenye njaa ya kitu kwa muda mrefu huwa hawatazami beseni. Lakini huenda ndiyo maana sura ya shangazi haikutoki. Una deni ambalo hujalitaja kwa jina.

Tena kuna lile neno "msichelewe". Wewe ulisikia usalama. Mimi nikimsikia mwanamke wa pwani anasema hivyo saa kumi na moja jioni, naangalia kwanza kama kuna kitu jikoni.

Sasa nije kwenye sentensi moja uliyoipitisha haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Mume wako alivaa kandambili akaenda Jaws Corner. Wewe ukabaki na kisu. Safari yake ilikuwa kahawa, baraza, rafiki na chakula cha utotoni mwake. Safari yako ilikuwa jiko jingine. Barua yako yote inazungumzia shangazi na migahawa, lakini mimi nashuku ungepata saa mbili tu za kukaa barazani shangazi akikusimulia habari za mume wako alipokuwa mdogo, usiwe na beseni mbele yako, ile hamu ya paa ingepungua ukali. Isingekwisha, ila ingepungua. Je, mume wako analijua hilo? Ulishawahi kumwambia kwa maneno, au ulimkumbusha ahadi tu?

Maana huyu bwana, kwa heshima zote, amepita katikati ya hadithi hii bila kulowa. Shangazi ni wake. Ahadi ni yake. Usiku ule aliyesema "tumeonjaonja" ni yeye, na hata neno lenyewe lilikuwa dogo kuliko Sh38,000 mlizolipa. Sasa mpango wa gesti ni wake pia, na ukiharibika, nani ataonekana ndiye aliyemtenga shangazi na mtoto wake? Wewe, mke wa kutoka bara. Hilo usilipuuze unapopima.

Tupime basi huo mpango. Ninaelewa kwa nini unavutia: hakuna wa kubishana naye, hakuna wa kuumizwa, siku tatu zenu wenyewe. Lakini Mji Mkongwe na Michenzani ni mwendo wa dakika ishirini hivi kwa miguu, na njia zote za kwenda sokoni zinakutana Darajani. Halafu huyo bwana harusi. Walisoma pamoja sekondari, miaka ambayo mume wako alikuwa akiishi kwa shangazi. Hivi kweli katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kwenye sinia lake? Kama aliwahi, shangazi ana kadi ya harusi, na Jumamosi usiku utakuwa umekaa meza ya tatu kutoka kwake. Halafu mtamwambia mmefika lini? Ukitaka kujificha, ujue bei yake: biriani lililoachwa linaweza kuitwa bahati mbaya, lakini siku tatu za kufichwa haziwezi kupata jina zuri.

Kukaa gesti na kumwambia wazi ni jambo jingine. Watu wengi siku hizi wanafanya hivyo na dunia haijaanguka. Ina faida yake: shangazi hasubiri mtu usiku, na ninyi mna mlango wenu. Hatari yake ni kwamba kwa watu wa rika lake, kulala nje kunauma kuliko kula nje. Chakula ni tumbo. Malazi ni kusema nyumba yako hainitoshi. Na ikija mara ya kwanza baada ya Agosti, ataiunganisha na lile sinia, hata mkitoa sababu gani. Kama mtachagua njia hiyo, nadhani maneno yangekuwa mepesi zaidi yakitoka kwa mume wako, mapema, na safari ya kwanza mkishuka kwenye boti iwe kwake na mabegi yenu yakiwa mkononi bado.

Kukaa kwake na kupanga milo kabla hamjafika ndiyo njia ambayo watu huiona ngumu kwa sababu inataka kusema. Hebu tuhesabu. Alhamisi usiku, Ijumaa nzima, Jumamosi mnakula harusini, Jumapili asubuhi. Ijumaa mchana, baada ya sala, nyumba nyingi za Unguja zinapika chakula kikubwa cha wiki. Mume wako akimpigia simu sasa na kusema, "Shangazi, Ijumaa mchana tunataka biriani lako, na lile la Agosti bado linatudai," amemwomba chakula. Kuomba chakula kwa mtu aliyekulea ni heshima kubwa. Nadhani hata sauti yake utaisikia inabadilika. Kisha aseme kwa kinywa chake kwamba Alhamisi usiku anamtoa mke wake, kwa sababu mke wake anapikia watu mwaka mzima. Shangazi ni mpishi, huenda akaelewa kabla hajamaliza sentensi. Huenda pia asielewe. Anaweza kusema "haya" na bado mkarudi mkakuta kitu kidogo kimefunikwa. Hapo mtafanyaje? Mimi ningekaa chini na kula vijiko vitatu, lakini mimi tumbo langu halifungi, lako umesema linafunga. Ndiyo maana lile wazo lako la kula mara mbili silikatazi ila nalihofia. Mwanamke aliyelisha mtu miaka minne anajua mtu aliyeshiba anavyoshika tonge.

Na kumchukua shangazi mwende naye? Najua wengi watakuambia hilo ndilo jibu, na linapendeza kwenye karatasi. Mimi nina wasiwasi nalo kidogo. Ukimpeleka mpishi wa biriani mahali wanapouza biriani, ataonja kijiko kimoja na kuanza ukaguzi: mchele umevunjika, hiliki imezidi, na hii bei ni ya kuku au ya ng'ombe? Utarudi umechoka. Mpishi unampeleka kula kitu asichokipika nyumbani. Muulize urojo wa wapi anaupenda; karibu kila mtu wa Unguja ana mtu wake wa urojo na atamtetea kama timu ya mpira. Bakuli la urojo lenye bajia, kachori, mbatata, mishkaki na chatini ya nazi halitakumalizia kibubu, na atakuwa yeye ndiye anayekutembeza. Lakini hapo pia kuna la kuangalia. Je, magoti yake yanaweza zile ngazi usiku? Atakubali mumlipie, au atatoa noti iliyokunjwa kwenye khanga na mshindane mbele ya muuzaji? Na zaidi ya yote, akija, hiyo siyo tena ile jioni yenu wawili. Ulichokipata Forodhani siku ile kilikuwa chakula au kilikuwa mume wako? Kama ni mume, basi mtu wa tatu, hata awe mpendwa vipi, hawezi kukaa katikati yake. Unaweza kuwa na jioni moja ya hivi na nyingine ya vile. Zisije zikachanganyika tu.

Kuhusu paa lako, kwa kuwa unaliota, nikupe ya kiutendaji. Migahawa mingi ya aina hiyo Mji Mkongwe inapika mlo uliopangwa tayari, bei yake imewekwa kwa mtu mmoja, na kabla ya 2025 mara nyingi iliandikwa kwa dola kwa sababu mteja wake ni mgeni wa nje. Piga simu kabla, uliza kwa mtu mmoja ni shilingi ngapi jumla ya kila kitu, vinywaji vimo au havimo, na kama nafasi inatakiwa kuwekwa mapema. Disemba wageni ni wengi. Sh250,000 inaweza kuisha usiku mmoja. Pengine ndivyo unavyotaka, usiku mmoja mkubwa, na ni fedha zako. Ila kaa ukijua kabla, usije ukahesabu shilingi mezani huku tarabu inapigwa. Forodhani nako uliza bei ya kila mshikaki kabla haujagusa moto, hasa kamba na kambakochi. (Na kama safari yenu ingeangukia Ramadhani ningekujibu tofauti kabisa. Mchana mingi ingekuwa imefungwa, na futari ya shangazi hakuna mgahawa wa kuishinda.)

Kuna kitu kimoja sikukiona kwenye barua, na nimekitafuta. Yule kuku, ule mchele, yule pweza wa siku ya kwanza, nani alinunua? Mlipoondoka Agosti mlimwachia chochote mkononi? Labda mliacha na hukuona haja ya kuandika. Lakini kama hamkuacha, basi yeye alitumia cha kwake kuwalisha siku tatu, na wewe ukaenda kutumia cha kibubu kwa watu wengine. Yeye hawezi kulisema hilo hata umbane. Linatoka kama boflo la dukani.

Nakuuliza na hili, wewe kama wewe. Siku wanafunzi wako wamepata chakula cha bure kwenye mahafali, ukabaki na sufuria mbili zimejaa, huwa unajisikiaje unapozifunika? Sidhani kama ni fedha tu inayokuuma. Ukipata maneno ya hisia hiyo, huenda ndiyo maneno ya kumpelekea shangazi, mpishi kwa mpishi, bila mume wako katikati. Usianze na msamaha mrefu. Kaa naye wakati anakaanga vitunguu, safari hii bila kukimbilia jioni, mwambie ulivyojisikia ulipoliona kawa likirudishwa. Au usiseme lolote, umenye tu. Wewe ndiye utakayekuwa pale, utaona uso wake. Na siku hiyohiyo mume wako avae kandambili aende sokoni Darajani kununua nazi, badala ya Jaws Corner.

Kama kuchoka kwako ni kukubwa kuliko yote haya, na moyo unakuambia Disemba hii unahitaji siku tatu bila jiko la mtu yeyote, hilo nalo nalisikia. Hutakuwa mke mbaya. Utakuwa umechagua kitu na kuacha kingine, na cha kuacha kitataka kurudiwa siku nyingine, kwa safari yake yenyewe.

Zungumza na mwenzio kabla hajapiga simu ya gesti. Mwambie habari ya beseni.

Na jambo moja limenikaa tangu nilipoisoma barua. Asubuhi ile mlikunywa chai kwa boflo. Biriani zima, sinia la watu watatu, halikuwepo tena. Sidhani kama alilimwaga. Nadhani liliondoka nyumbani mle usiku uleule, likashuka ngazi au likavuka korido kwenda kwa jirani, na huenda ni yule jirani ambaye mjukuu wake anapewa simu mkipiga. Ningependa sana kujua shangazi alimwambia nini alipolikabidhi. Ukilijua, niandikie.